Umechaguliwa mwenyekiti wa wazazi shuleni na wewe ni mwajiriwa wa saa 2 mpaka saa 11? Soma hapa kabla hujaanza

Wazazi wenzangu, hii naiandikia mtu ambaye mkutano wa wazazi umemkuta amekaa benchi la nyuma kabisa, anawaza atawahije kurudi kufua, mara mzee mmoja ananyoosha mkono anasema "mimi napendekeza mama nanihii, yule anafanya kazi ofisini mjini, anajua kuandika na kuongea na wakubwa", watu wakapiga makofi na imeisha hiyo, wewe ndio mwenyekiti wa umoja wa wazazi na walimu. Mimi yalinikuta mwezi wa kwanza, mwanangu anaingia darasa la tatu shule ya serikali huku Gongo la Mboto, na sasa hivi yuko la tano. Kazi yangu ni uhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, narudi saa 1 usiku, foleni ya Tazara ikikaa vibaya ni saa 2 na kitu. Sio kazi ya kuomba ruhusa ruhusa.

Kitu nilichokielewa nimeshachelewa, na ndio sababu ya kuandika yote haya, ni kwamba tunachaguliwa kwa sababu tuna ajira, halafu ajira hiyo hiyo ndio inatuweka mbali na shule masaa yote ambayo shule iko wazi. Uji unapikwa saa 3, fundi wa choo anakuja saa 5, afisa elimu kata anapita saa 6, mtoto anaanguka anapelekwa zahanati saa 7, na muda wote huo wewe uko mbele ya kompyuta ya mtu. Kwa hiyo ukijipanga kana kwamba wewe ndio utafanya hizo kazi umeshafeli kabla hujaanza, hata uwe na moyo kiasi gani. Jipange uwe mtu wa kuhakikisha zinafanyika na wewe haupo.

Basi jambo la kwanza kabisa ni makamu, na hapa nitakaa sana maana hapa ndio kila kitu kinaposimama au kuanguka. Wengi tunachagua makamu anayefanana na sisi, mwajiriwa mwenzetu, tunaona ataelewana na sisi vizuri kwenye simu. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, makamu alikuwa baba mmoja anafanya kazi benki, mtu safi kabisa, lakini siku koki ya simtanki ilipopasuka saa 4 asubuhi maji yote yakamwagika, mwalimu mkuu alinipigia mimi niko kwenye kikao, akampigia yeye yuko kaunta na wateja, mpaka tunapokea simu tanki limeshakauka na watoto hawana maji ya chooni siku nzima. Makamu anatakiwa awe mtu ambaye mchana yuko mita mia mbili kutoka shule. Angalia nani yuko hapo, mama anayeuza vitumbua pembeni ya geti, baba mwenye kijiwe cha bodaboda, fundi cherehani wa pale sokoni, bibi anayelea wajukuu wanaosoma hapo hapo. Hawa watu kwenye mkutano huwa wanakaa kimya kwa sababu wanajiona hawakusoma, na sisi tunawaacha wakae kimya, wakati wana kitu ambacho wewe huna, wana mchana. Makamu wangu wa sasa ni mama anayeuza chapati na maharage nyuma ya ukuta wa shule, anajua mtoto gani anatoroka na kwa kupitia wapi, anajua fundi bomba yupi ni mkweli, walimu wote ni wateja wake. Mimi naandika, yeye anaona. Ukimwendea mtu kama huyu usimwendee kwenye mkutano mbele za watu, nenda kwake jioni au Jumapili, kaa, mwambie "mama nanihii, mimi bila wewe hii kazi siiwezi, mchana sipo, naomba uwe macho yangu", halafu mkubaliane kabisa vitu anavyoweza kuamua bila kukupigia. Sisi tulikubaliana kitu chochote kisichozidi shilingi 20,000 na kinachogusa usalama au maji anaamua yeye na mwalimu mkuu, mimi naambiwa jioni. Hilo peke yake lilinipunguzia simu za mchana kwa zaidi ya nusu.

Na muda wake uupe thamani, kwa sababu anayeuza chapati akiacha meza yake saa nzima kumsubiri fundi amepoteza hela kweli kweli, wewe ukitoka ofisini saa moja mshahara uko pale pale. Kwetu tulikubaliana kwenye mkutano kwamba mzazi anayesimamia fundi kutwa nzima analipiwa nauli na chakula, na inaandikwa. Usione aibu kulisema hilo mbele za watu.

Pili, jua mipaka ya kiti chako. Shule ya msingi ina kamati ya shule, hiyo ndio chombo rasmi, na mwalimu mkuu ndio katibu wake. Umoja wa wazazi na walimu, ule wengine wanauita UWAWA, ni wa kusaidiana, watoto wafike shuleni, wale, wasome, wawe salama. Mimi mwanzoni nilibeba mpaka mambo ya kamati, ukarabati wa madarasa, malalamiko juu ya walimu, mpaka ugomvi wa mpaka wa kiwanja cha shule na jirani, nikawa nalala saa 7 usiku. Mzazi akikuletea jambo la mwalimu kumchapa mtoto mpaka kuumia, hilo ni la mwalimu mkuu, kamati na afisa elimu kata, na likiwa kubwa ni la polisi na ustawi wa jamii, kazi yako wewe ni kumsindikiza au kumwelekeza, sio kuligeuza shauri nyumbani kwako. Ukiandika kwenye karatasi moja mambo matatu ambayo umoja wenu unayafanya mwaka huu ukayabandika ofisini kwa mwalimu mkuu, unapata pa kumwonyesha mtu. Sisi mwaka huu ni uji, maji na kuvusha watoto barabara asubuhi, basi. Kingine chochote kizuri kinasubiri mwakani.

Sasa pesa. Pesa isikae kwenye simu yako, nasema tena isikae kwenye simu yako hata siku moja. Muhula wa kwanza nilikuwa napokea michango ya uji kwenye namba yangu mwenyewe kwa sababu ndio ilikuwa rahisi, mtu anatuma elfu tatu, mwingine anatuma elfu tano anasema mbili ni za mtoto wa dada yake, huku mdogo wangu naye kanitumia hela ya dawa za mama, nalipa umeme humo humo, mwisho wa mwezi nakaa na kaunta buku mpaka saa 8 usiku na ikapungua 47,000. Mimi mhasibu. Niliitoa mfukoni mwangu lakini maneno yalishaanza kuzunguka mtaani, na usingizi ulinipotea wiki mbili, kazini nikakosea invoisi mara mbili. Kwa hiyo fungueni akaunti ya kikundi, iwe ya benki au ya simu kama M-Koba, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake. Mweka hazina awe mtu mwingine kabisa, asiwe wewe, asiwe ndugu yako, na wewe kama ni mwajiriwa uwe mtu wa kukagua tu mara moja kwa mwezi.

Mkumbuke pia toka 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, na wazazi wanalijua hilo vizuri, mtu atakwambia "si serikali imesema bure?" na ana haki ya kuuliza. Mchango wowote uwe wa hiari, ukubaliwe kwenye mkutano wenye mahudhurio na muhtasari uliosainiwa, upitie kwa mwalimu mkuu na watendaji ili kibali kipatikane huko halmashauri, na mtoto ambaye kwao hawajatoa asirudishwe nyumbani wala asinyimwe kikombe mbele ya wenzie. Mimi kwenye hili siyumbi. Kikombe kimoja cha uji hakiwezi kuwa sababu ya mtoto wa darasa la kwanza kujua kwao ni maskini.

Ili watu watoe kwa moyo wape hesabu wanayoweza kuihakiki wenyewe. Sisi tunahesabu hivi, watoto 400, kila kikombe kinataka kama gramu 50 za unga na gramu 15 za sukari, hiyo ni kilo 20 za unga na kilo 6 za sukari kwa siku. Unga ukiwa 1,600 kilo na sukari 3,000 inakuja 32,000 na 18,000, jumla 50,000 kwa siku, yaani shilingi 125 kwa mtoto. Siku 20 za masomo ni 2,500, ongeza kuni, mpishi na kufidia wale wasioweza, tukafika 3,500 kwa mwezi. Wewe weka bei za soko lako. Hesabu hii tuliiandika kwa makapeni kwenye karatasi kubwa tukaibandika karibu na jiko, na kila Ijumaa mpishi anaandika gunia limebaki nusu au robo. Tangu hapo maswali ya "hela zinakwenda wapi" yalipungua yenyewe, na mimi sikulazimika kumjibu mtu mmoja mmoja usiku, maana jibu liko ukutani. Kwa mtu mwenye ajira karatasi ukutani inaokoa masaa kuliko kikao chochote.

Tukija kwenye grupu la WhatsApp, hili ndio linalokula watu. Wazazi 180, asubuhi salamu, picha za maua, tangazo la vikoba, mtu kapoteza kitambulisho, katikati ya hayo mzazi anauliza kesho watoto wanaenda na nini, anajibiwa na watu sita majibu sita. Fungua grupu la matangazo ambalo maadmini tu ndio wanaandika, na lile la maongezi liache liendelee lakini wewe lizime sauti, teua watu wawili walilinde. Siku ya kwanza niliweka ujumbe huu na mpaka leo umebandikwa juu, unaweza kuuchukua:

"Habari za jioni wazazi. Hapa ni matangazo ya shule tu. Mtoto akiumwa au kukiwa na dharura piga kwa mwalimu wa darasa au makamu mwenyekiti, yuko karibu na shule. Maswali mengine nitumieni, nayajibu Jumanne na Alhamisi saa 3 usiku. Mchana niko kazini sishiki simu, naomba mnivumilie. Asanteni."

Wiki mbili za mwanzo watu watapiga tu. Usipokee. Ukipokea mara moja saa 5 asubuhi umewafundisha kwamba saa 5 unapatikana. Jibu Jumanne saa 3 kama ulivyosema na ujibu vizuri, kwa heshima, maswali yote, hapo wanaanza kuamini siku zako. Na voisi noti za dakika nne waombe waandike kwa ufupi, maana kwenye daladala umesimama umeshikilia bomba huwezi kusikiliza.

Halafu msisahau wazazi wa vitochi, ambao hawamo kwenye grupu lolote, na mara nyingi ni wale ambao watoto wao wanahitaji msaada zaidi. Hao tunawafikia kwa karatasi anayopewa mtoto, kwa bango getini, kwa mjumbe wa shina, na tangazo dogo msikitini siku ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Nina mzazi wa kila mtaa ambaye kazi yake ni hiyo tu, kupitisha habari kwa watu kumi na tano wasio na simu kubwa.

Kazini nako usifiche. Mimi nilificha miezi minne, nilikuwa natoka nje kupokea simu nasema ni mgonjwa nyumbani, mpaka siku bosi akanikuta koridoni nabishana na fundi juu ya mfuko wa saruji, akaniambia kwa upole tu "dada, hapa unalipwa kwa kazi ya hapa". Iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Kesho yake nikamwendea nikamweleza yote: "Bosi, naomba nikueleze kabla haijawa tatizo. Nimechaguliwa kuongoza wazazi shuleni kwa mwanangu. Sitashika mambo hayo muda wa kazi. Ila kwa mwaka kuna siku tatu nitaomba kutoka saa 8, tarehe zake ni hizi, na ripoti za siku hizo nitazimaliza jana yake." Alikubali pale pale, kilichomkwaza ni kushtukizwa, shule yenyewe haikuwa na tatizo kwake. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 mwajiriwa ana siku 28 za likizo kwa mwaka, hizo unaweza kuomba mkubaliane kuzigawa ukaacha chache kwa mambo kama haya. Zile siku nne ambazo sheria hiyo hiyo inakupa mtoto akiumwa au ukifiwa ni za shida hizo tu, usizitumie kwa kudanganya ukaenda kwenye kikao, siku mtoto akiumwa kweli utazililia.

Na kalenda ya shule uipange juu ya kalenda ya kazi yako, usifanye kinyume chake. Mimi tarehe 1 mpaka 7 siwezi kitu, ni kufunga mwezi na kulipa kodi za mishahara, na tarehe 20 ni ritani za VAT. Kwa hiyo kikao cha umoja ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa 3 asubuhi mpaka saa 4 na nusu, sio Jumapili kwa sababu ya ibada, sio mchana kwa sababu akina mama wanaingia sokoni. Ajenda tatu tu, inatumwa Alhamisi. Saa 4 na nusu ikifika nafunga kikao hata kama mzee wetu bado anaongea, namwomba radhi, namwambia "baba, tutaanza na wewe kikao kijacho", na kweli tunaanza naye. Ukiwa nesi wa zamu au mlinzi wa usiku au mwalimu wa shule nyingine tarehe zako zitakuwa tofauti, chukua karatasi uandike wiki zako ngumu za mwaka mzima, zungushia, halafu muone mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa. Mwezi wa kwanza kila mtu yuko hoi na sare na madaftari, usipange mchango hapo. Mwezi wa tisa darasa la saba wana mtihani wa taifa, baada ya hapo darasa la nne nao wana upimaji wao, walimu hawana nafasi ya shughuli zako, muda huo pumzika na wewe.

Nyumbani naomba nisiseme sana ila hili moja. Mwaka wa kwanza mwalimu wa darasa wa mwanangu alinivuta pembeni baada ya kikao akaniuliza, mama mwenyekiti, mbona daftari la mwanao halijasainiwa wiki tatu. Nilikaa kimya, sikuwa na jibu. Toka siku hiyo saa 2 usiku mpaka saa 3 simu inakaa juu ya kabati, madaftari yanafunguliwa, ndio maana muda wangu wa kujibu wazazi unaanza saa 3 na sio kabla. Baba watoto tukagawana, Jumamosi ya kikao chakula na kufua ni vyake, na hajawahi kulalamika kwa sababu alijua tarehe mapema. Shida ilikuwa zile siku nilizokuwa namwambia asubuhi hiyo hiyo.

Kuna kipindi utachoka kabisa, mimi mwezi wa tano mwaka jana nilikuwa nalala kwenye daladala napitilizwa kituo. Ukifika hapo usijiuzulu kwa hasira kwenye grupu usiku. Mwite makamu na katibu, waambie mwezi huu sipo, wao waendeshe. Nilifanya hivyo, uji ulipikwa, watoto walivushwa barabara, na kuna mambo mawili waliyafanya vizuri kuliko mimi, mojawapo ni kumbadilisha muuza kuni ambaye nilikuwa namwonea haya.

La mwisho ni kukabidhi, na linaanza leo, sio siku unayoondoka. Nunua kaunta buku moja, andika humo kila kitu ambacho kiko kichwani mwako, namba ya fundi bomba, nani ana ufunguo wa stoo, kibali cha mchango kilipatikana kwa nani na kilichukua wiki ngapi, mzazi yupi ana gari na huwa anakubali kubeba magunia. Iache kwa makamu, sio kwako. Sisi tumekubaliana mtu asikae zaidi ya miaka mitatu, wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili, na mrithi wangu, baba mmoja konda wa daladala, ameshaanza kukaa na mimi vikao vitatu mfululizo. Yeye kazi yake inaanza saa 10 alfajiri, kwa hiyo siku na masaa tutayabadilisha yote yamfae yeye.